Kwa nini kahawa ya Kagera huuzwa kwa mlango mmoja

MKULIMA wa Kagondo akivuna mkungu wa ndizi, anaweza kuuweka kando ya barabara na kumuuzia mpita njia yeyote kwa bei watakayokubaliana. Lakini kahawa iliyoota katika kibanja hicho hicho, chini ya migomba hiyo hiyo, haina uhuru huo. Kisheria, mkulima mdogo anatakiwa kuipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, kijulikanacho kama AMCOS, na kutoka hapo huuzwa mnadani.

Jina Kagondo lina sehemu mbili mkoani Kagera: moja katika Manispaa ya Bukoba, nyingine wilayani Muleba. Zote zimo katika eneo la Chama Kikuu cha Ushirika Kagera (KCU), wakati wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana chama kikuu chao, KDCU. Swali linaloulizwa kila msimu ni moja: kwa nini zao hili lipitie mlango mmoja tu?

Kutoka ushirika hadi soko huria

Kahawa si mgeni kwa Wahaya. Kabla ya ukoloni walitafuna buni zilizochemshwa, wakampa mgeni kama ishara ya heshima, na zilitumika pia katika kuchanjiana udugu. Ilipogeuka kuwa zao la biashara, wakulima walitafuta sauti ya pamoja, na mwaka 1950 ukaandikishwa umoja wa ushirika wa Bukoba.

Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mageuzi makubwa yalikuja msimu wa 1994/95, pale wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima. Faida yake ilikuwa fedha taslimu papo hapo, tofauti na vyama ambavyo mara nyingi vililipa kwa awamu na kuchelewa.

Hata hivyo, soko huria lilikuta wakulima wengi hawana akiba. Hapo ndipo biashara ya butura, yaani kununua kahawa ingali mtini, ilipopata nafasi. Shule hufunguliwa Januari, ilhali mavuno ya Kagera huanza kushika kasi Mei. Mzazi anayehitaji fedha za sare, michango au matibabu huuza maua au matunda mabichi kwa bei ndogo sana kulinganisha na ile ya msimu. Mavuno yakifika, jasho ni lake, lakini gunia si lake.

Agizo la mwaka 2018

Kuanzia msimu wa 2018/19, Serikali iliagiza kahawa yote ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya ushirika. Wanunuzi binafsi hawakufukuzwa katika biashara. Waliondolewa mlangoni kwa mkulima na kutakiwa kushindana mnadani.

Hoja ya kwanza ya utaratibu huo ni ushindani. Mkulima mwenye magunia mawili hana nguvu mbele ya mnunuzi mmoja, lakini shehena ya chama kizima huwavuta wengi. Hoja ya pili ni ubora, kwa kuwa chama kinaweza kukataa kahawa mbichi au iliyoanikwa kwenye udongo. Ya tatu ni kumbukumbu: kilo zikijulikana, ushuru hukusanywa na magendo hubainika.

Kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya nchi ulifanyika Moshi, yaliko makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania. Katika miaka ya karibuni minada imesogezwa hadi Kagera, hivyo mkulima anaweza kuisikia bei karibu na kwake. Kwa baadhi ya mazao hatua imekwenda mbali zaidi: tangu msimu wa 2024/25, korosho huuzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), lililoundwa mwaka 2014.

Upande wa pili wa mlango

Mlango mmoja una gharama zake. Chama kikiendeshwa vibaya, mkulima hana pa kukimbilia. Kila makato, yawe ya chama cha msingi, ya chama kikuu au ya halmashauri, humfikia yeye mwisho wa safari. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 mwaka 2017, lakini malalamiko ya makato hayakuisha.

Aidha, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula iko Uganda, ambako biashara ya kahawa ililegezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mnunuzi hufika hadi shambani. Bei ya huko inapopanda, au malipo ya huku yanapochelewa, magunia huvuka usiku. Doria hupunguza magendo, ila mkulima aliyelipwa vizuri na kwa wakati hana sababu ya kuvusha gunia.

Ethiopia nayo ilipitia njia hiyo. Soko lake la bidhaa lilianza mwaka 2008 na kahawa nyingi ikalazimika kupita humo. Wanunuzi wa kahawa bora wakalalamika kuwa mchanganyiko wa shehena ulifuta jina la shamba na kijiji. Mwaka 2017 nchi hiyo ililegeza masharti ili kahawa iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka.

Tanzania ilikwisha kuacha dirisha la namna hiyo. Tangu miaka ya 2000, kahawa ya daraja la juu yaweza kuuzwa nje moja kwa moja kwa mkataba. KCU yenyewe imekuwa ikiuza sehemu ya kahawa yake katika soko la biashara ya haki tangu miaka ya 1990.

Kwa mkulima wa Kagondo, hata hivyo, kipimo cha mfumo ni siku zinazopita kati ya mizani ya chama na fedha kuingia mkononi. Siku hizo zikiwa chache, mlango mmoja unamtosha. Zikiwa nyingi, mwenye butura atabisha hodi tena, Januari, kabla ada hazijalipwa.