Watu wa Mirihi Kariakoo

Wahakiki wetu wamezoea kudai kwamba hadithi za kisayansi ni za Wazungu, hazina mizizi kwetu. Hebu tuingie kwanza kwenye banda la video kule Kariakoo, tubanane kwenye benchi, ndipo tuhakiki.

H. G. Wells alitoa The War of the Worlds kama kitabu mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza na miale ya moto, mizinga ya Waingereza inakuwa kama manati. Mwaka 2005 Steven Spielberg aliihamishia hadithi Marekani, na Tom Cruise akawa mwendesha kreni wa bandarini. Kwa watu wa Dar, mhusika huyo tayari ni jirani.

Lakini niliyoiona mimi ilikuwa na msanii wa tatu, yaani msimuliaji wa Kiswahili, wa mkondo ule uliovuma kwa sauti ya Lufufu. Anafunika sauti za wahusika, anaeleza, anatania, anamkaripia mtu akizubaa, na hadhira inamjibu. Kama huyu si fanani, basi sijui tunafundishwa nini katika fasihi simulizi. Kweli, mara nyingine anaropoka tu, na kile kimya cha kutisha kinapotea. Hapo simtetei.

Sasa tutazame historia. Julai ya mwaka ule ule wa 1898, Mkwawa alijiua asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Wells alijua mambo ya namna hii: sura yake ya kwanza inawataja wenyeji wa Tasmania walioangamizwa na Wazungu. Aliwageuzia Waingereza kibao, waonje wao kutawaliwa. Filamu imeibakiza hoja hiyo kidogo mno: kijana wa Cruise ana insha ya shule kuhusu Wafaransa kuikalia Algeria, inatajwa mara moja, basi.

Na Kariakoo yenyewe je? Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwaweka hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Kwa Wells, vijidudu ndivyo vinavyowaua wavamizi. Katika vita ile ya kwetu maradhi na njaa viliwamaliza wapagazi kwa maelfu, kuliko risasi, na wavamizi wakabaki kugawana nchi. Mwisho wa Wells, kwa hiyo, sikuukubali hata kidogo, japo niliufurahia.

Kuna mahali mashine za miguu mitatu zinawazoa watu na kuwatia katika vizimba. Msimuliaji akasema wametiwa tengani kama kuku wa sokoni. Banda zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, halafu nikawakumbuka wale waliolazwa hapo hapo mwaka 1916, wakihesabiwa asubuhi kabla ya kubebeshwa mizigo.