Bildad Kaggia na Mashamba ya Waliofungwa

Mwalimu afundishaye Rumonge hahitaji kamusi kujua uzito wa neno "mpaka". Ghasia zilipoanza katika ufuko huu wa Tanganyika tarehe 29 Aprili 1972, yakafuatiwa na mauaji makubwa nchini kote, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yalipewa wengine, na baadhi yakagawiwa upya kwa ajili ya michikichi ya mradi wa serikali. Waliorejea, hasa tangu mwaka 2008, waliwakuta wenzao wakikamua mawese, nao wana karatasi mkononi. Watoto wao ndio waliotuletea madarasani Kiswahili kizuri kuliko chetu. Baba zao walikuwa wakingojea uamuzi wa Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 2006.

Swali lililowakabili, yaani karatasi iliyoandikwa mwenyewe akiwa hayupo ina nguvu gani, lilikwisha kuulizwa Kenya miaka mingi kabla. Aliyeliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bildad Kaggia, na lilimgharimu cheo chake.

Kaggia aliingia jeshi la Mwingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapanda hadi sajini, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza kwenyewe. Huko alimwona Mzungu maskini, na heshima aliyofunzwa kumpa kila Mzungu ikamtoka. Aliporudi aliongoza vyama vya wafanyakazi mjini Nairobi, akawa mmoja wa Kamati Kuu iliyoendesha siri za Mau Mau. Hakuwa jemadari wa msituni. Alikamatwa usiku uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952. Mwaka uliofuata alihukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, miaka saba ya kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung.

Walipokuwa kifungoni, nyumbani ardhi ilikuwa ikipimwa. Vipande vilivyotawanyika viliunganishwa kuwa shamba moja moja, na kila shamba likaandikwa jina la mwenyewe. Kwa mkulima wa kahawa ilikuwa kazi yenye faida, hilo sikatai. Lakini maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, na waliokaa katika baraza za kugawa walikuwa zaidi wale waliokuwa upande wa serikali. Baadhi ya wapiganaji walinyang'anywa ardhi kwa amri rasmi. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1959: usajili wa kwanza haupingwi mahakamani, hata ukiwa umepatikana kwa hila. Nadhani sentensi hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko bunduki nyingi.

Kaggia aliachiliwa mwaka 1961, akachaguliwa Mbunge wa Kandara mwaka 1963 na kufanywa naibu waziri wa elimu. Tangu siku za kwanza aliwatetea wasio na ardhi. Alitaka mashamba ya walowezi yatolewe bila malipo badala ya maskini kukopeshwa fedha za kuyanunua. Alitaka pia waliodhulumiwa kizuizini wasikilizwe upya. Serikali ikamwambia anyamaze au aondoke. Mwaka 1964 aliupoteza unaibu waziri.

Huko Marekani, William Hatch, aliyekuwa afisa wa jeshi la majimbo ya kusini lililoshindwa mwaka 1865, alikaa bungeni tangu 1879 hadi 1895 akiwatetea wakulima. Sheria ya mwaka 1887 iliyoanzisha vituo vya utafiti wa kilimo inaitwa kwa jina lake. Naye alikuwa ametoka upande ulioshindwa. Ila Hatch aliwaombea wakulima maarifa, na maarifa hayamwondoi mtu shambani. Kaggia aliomba shamba lenyewe.

Aprili 1965 Kenyatta alikwenda Kandara na kumsema mbele ya umati: wenzake wa kifungoni wamepanda kahawa na kujijenga, yeye amejifanyia nini? Wapo waliocheka. Mimi kila nikisoma habari hiyo naona kwamba Mzee alimsifu bila kukusudia.

Mwaka 1966 Kaggia alijiunga na Oginga Odinga katika chama cha KPU, akawa makamu wake; katika uchaguzi mdogo wa mwaka huohuo akapoteza kiti. Mwaka 1968 alifungwa kwa kufanya mkutano bila kibali, na mwaka 1969 alirudi KANU. Wengine wanamlaumu kwa hilo. Asiyewahi kulala Lokitaung na apunguze lawama. Maisha yake ya baadaye yalikuwa ya kawaida, na riziki aliitafuta katika kusaga mahindi.

Alifariki Machi 2005. Kinga ya usajili wa kwanza iliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 2012.