Mbwa wa Faraja katika Utabibu wa Meno ya Watoto Wenye Usonji

Mbwa wa faraja ni mbwa aliyefunzwa na kupimwa tabia, ambaye hupelekwa pamoja na mwongozaji wake mahali penye wagonjwa au wenye hofu, ili utulivu wake na kule kuguswa kwake viwe msaada kwao. Asichanganywe na mbwa wa msaada, ambaye hukaa na mtu mmoja nyumbani na njiani, kama yule anayemwongoza kipofu. Mbwa wa faraja ni wa wengi, na kazi yake ikiisha hurejea kwake. Makala haya yanahusu chumba kimoja tu anamoingia mbwa huyo, nacho ni chumba cha daktari wa meno siku anapotibiwa mtoto mwenye usonji.

Usonji ni hali ya kimaumbile ya ubongo, wala si matokeo ya malezi mabaya, na tabibu Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 kwa habari za watoto 11. Wengi walio nayo hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa ukali ambao mtu mwingine hawezi kuukadiria, na hupata raha katika mambo yanayorudiwa vilevile kila siku. Basi na yatazamwe yanayompata mtoto wa namna hiyo akiwa kitini: kiti kinamlaza chali bila yeye kutaka, taa inammulika, mikono iliyovikwa mipira yenye ladha chungu inaingia kinywani mwake, keekee inalia kwa sauti nyembamba inayopita mfupani hadi sikioni, na mtu asiyemjua, aliyejifunika nusu ya uso, anamwambia maneno mengi kwa mara moja. Akipiga mateke au akiuma kidole cha daktari huitwa mtundu, na mama yake hutoka pale ameinamisha kichwa kwa haya, ilhali kosa si la mtoto wala la mamaye. Ndipo jino ambalo lingezibwa mapema huachwa mpaka likaoza, kisha mtoto akashikwa kwa nguvu, au akalazwa kwa nusukaputi kwa kazi ambayo mwenzake huimaliza akiwa macho. Nusukaputi ina mahali pake, na pengine haina budi. Walakini haimfundishi mtoto lolote la kumfaa siku ya pili.

Fikra ya kumshirikisha mbwa katika tiba ya mtoto ilimpata mtetezi mashuhuri kwa Boris Levinson, mwanasaikolojia wa New York, nayo ilianza kwa sadfa. Mtoto mmoja aliyejitenga na watu aliletwa kabla ya saa aliyowekewa, na Jingles, mbwa wa Levinson, akamkimbilia na kumramba. Mama akashtuka, lakini mtoto akamkumbatia mbwa, na katika siku zilizofuata akawa anazungumza na mbwa kwanza, kisha, kidogo kidogo, na mwenye mbwa. Levinson alipowasomea wenzake habari hizo mwaka 1961 wako waliomcheka. Mwaka 1962 akazichapisha, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima. Mbwa hamdai mtoto jibu, wala hamkazii macho akingoja, wala hasemi hili kwa ulimi na lile kwa uso, na kwa mtoto ambaye nyuso za watu ni maandishi magumu kusomeka hiyo ni nafuu kubwa.

Mjini Santiago, Chile, shirika la Bocalán Confiar limewapeleka mbwa waliofunzwa katika vyumba vya madaktari wa meno kwa ajili ya watoto wenye usonji. Kazi ya namna hii ikifanywa kwa uangalifu, siku ya kwanza hakuna jino linaloguswa: mtoto na mbwa hukutana sakafuni, na saa hiyo hupita bila kutajwa kinywa. Siku nyingine mbwa ndiye anayelazwa, daktari akamfunua mdomo kwa kidole na kumhesabu meno kwa kioo kidogo chenye mpini, kioo ambacho hakitatumika kwa mtu, na mtoto hutazama au huhesabu pamoja naye. Siku ya tiba yenyewe, mbwa hulala juu ya mapaja ya mtoto, kichwa kikiwa mbali na vyombo, na mwongozaji huketi karibu akiwa ameshika kamba fupi. Uzito ule wa vuguvugu humpa mtoto shinikizo tulivu ambalo wengi wenye usonji hulipenda, na vidole ambavyo vingeunyaka mkono wa daktari huzama katika manyoya ya shingo, vikaenda na kurudi. Daktari mwangalifu huvitazama vidole hivyo kuliko uso, kwa kuwa vikikaza ghafla, keekee yafaa isimame kabla kilio hakijatoka.

Ushahidi wa kitaalamu upo, ila ni mdogo, na si haki kuukuza mbele ya wazazi waliochoka. Mwaka 2001 Lisa Havener na wenzake nchini Marekani walieleza habari za watoto 40 wa miaka 7 hadi 11 waliotibiwa meno, nusu yao wakiwa na mbwa. Uchunguzi huo haukuwa wa usonji, na kwa jumla haukuonyesha tofauti. Lakini wale waliotamka dhiki yao tangu walipofika, miili yao ilitulia zaidi wakiwa kitini na mbwa, wakimngoja daktari aingie. Kwa rai ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo penye thamani ya mbwa: hatulizi maumivu, ambayo ni kazi ya sindano ya ganzi, bali hutuliza kule kungoja, na kwa mtoto mwenye usonji kungoja jambo asilolijua ndiyo nusu ya adhabu. Matokeo mengine, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalitoka Los Angeles, ambako watoto 162 wenye usonji walisafishwa meno mara moja katika chumba cha kawaida na mara moja katika chumba kilichopunguzwa mwanga, chenye muziki wa taratibu, picha zinazosogea darini na vazi la kumkumbatia mtoto kitini. Katika chumba hicho cha pili dalili za dhiki zilipungua. Hapakuwa na mbwa. Kwa hiyo zahanati isiyokuwa na mnyama haina sababu ya kukata tamaa, maadamu ina pazia na subira.

Usafi una masharti yake. Mwongozo wa mwaka 2015 wa wataalamu wa maambukizi ya hospitali nchini Marekani unataka mbwa awe ametimiza mwaka mmoja na asilishwe nyama mbichi, mbali na chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mtoto aliyewahi kuumwa na mbwa, au anayepata pumu kwa manyoya, asilazimishwe. Kwa Waswahili walio wengi, wafuatao madhehebu ya Imam Shafi, liko suala jingine, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo, ingawa mkavu ukigusa mkavu najisi haihami. Imam Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Mzazi wa Kiswahili aishiye Ulaya au Marekani, akipewa huduma hii, aulizwe kwanza, atandikiwe shuka akitaka, na akikataa kukataa kwake kusihesabiwe ujinga.

Mbwa naye huchoka. Akipiga miayo mfululizo, akiramba midomo pasipo chakula au akigeuza kichwa asiguswe, anaomba ruhusa kwa lugha yake, na mwongozaji mwema humwondoa papo hapo hata jino likiwa nusu. Aghalabu huvikwa kizibao kazini. Nje ya mlango kizibao huvuliwa, naye hujikung'uta kuanzia masikio hadi mkia, kisha huachwa akimbie.