Hewa Iliyopitishwa Motoni

Mwanafunzi wa baiolojia akiulizwa nani alithibitisha kwamba hewa hubeba vijidudu, jibu huwa moja: Louis Pasteur na chupa zake zenye shingo iliyopinda. Jibu hilo linamwacha nje Theodor Schwann, ambaye zaidi ya miaka 20 kabla, mjini Berlin, alikuwa ameshaiunguza hewa.

Mioto iliyowashwa barabarani London ili kusafisha hewa wakati wa tauni ya 1665 haihesabiki hapa. Ilikokwa kwa hofu, na watu wakaendelea kufa.

Schwann alipima. Mwaka 1837 alieleza jinsi alivyochemsha mchuzi wa nyama chupani, kisha akauletea hewa mpya iliyopita kwanza katika neli iliyopashwa moto mkali na kuachwa ipoe. Mchuzi haukuvunda. Wapinzani, walioamini kwamba uhai huweza kuzuka wenyewe, wakadai kwamba moto ulikuwa umeiharibu hewa yenyewe, ukaiondolea nguvu ya kuzaa uhai. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana majaribio yake ya kuchachusha sukari yalimpa majibu yasiyolingana. Ndiyo sababu mwaka 1854 wanasayansi Schröder na von Dusch waliachana na moto, wakaichuja hewa kwa pamba. Pasteur naye alianza na neli ya platinamu iliyowiva nyekundu. Shingo iliyopinda ilikuja kumaliza ubishi: hewa iliingia bila kuunguzwa, vumbi likanaswa njiani.

Félix Pouchet wa Rouen, mpinzani mkuu wa Pasteur, hubezwa bure. Mwaka 1863 alipanda milima ya Pirenei na chupa za maji yaliyochemshwa na nyasi kavu, nazo zikachafuka huko juu kwenye hewa safi. Hakudanganya. Nyasi kavu hubeba bakteria ambao spora zao hustahimili maji yanayochemka, jambo lililoelezwa na Ferdinand Cohn mwaka 1876. Chanzo kilikuwa ndani ya chupa tangu mwanzo.

John Tyndall ndiye aliyewaonyesha watu moto ukifanya kazi. Mwezi Januari 1870, katika ukumbi wa Royal Institution, London, alipitisha mwali wa taa kali gizani, vumbi likang'aa. Akaweka taa ya spiriti chini ya mwali, na mawimbi meusi yakapanda kama moshi. Akajaribu kwa chuma chekundu cha kuchokolea moto, kisha kwa ndimi za haidrojeni zisizotoa moshi. Weusi ukabaki uleule. Ilikuwa hewa tupu, isiyo na chembe za kurudisha nuru. Kwa kuwa chembe ziliungua, alihoji, nyingi zilitokana na viumbe hai.



Tyndall mwenyewe hakunusurika na nyasi. Mwaka 1876 nyasi kuukuu zilizoingizwa Royal Institution ziliijaza hewa ya maabara yake spora, na michuzi iliyokuwa ikikaa salama ikaanza kuoza mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata alilazimika kuhamishia majaribio kwenye bustani za Kew.