Kutoka Kibaba cha Posho Hadi Lebo ya Pakiti: Historia ya Hesabu ya Chakula, Nakivale na Mbarara



Kwa wenzetu wa Nyamityobora na mitaa mingine ya Mbarara, na kwa familia zilizoko Nakivale, neno posho si geni. Mtoto akirudi kutoka shule akaulizwa amekula nini, jibu lake mara nyingi ni "posho na maharage". Lakini wachache wanakumbuka kuwa neno hilo lilikuwa la hesabu kabla halijawa jina la chakula. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo ilikotoka, ni nani walikuwa wakiifanya, na kwa nini leo imeangukia mikononi mwa baba na mama wa kila nyumba.

POSHO YA MPAGAZI

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani kuelekea bara ikiwa na mamia ya wapagazi. Kila mpagazi alipewa posho, yaani chakula cha siku. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ambacho ni robo ya pishi. Kwa vipimo vya leo ni kama gramu 700 hivi, na nafaka ya kiasi hicho ina nishati ya kilokalori 2,400 au zaidi kidogo. Kiongozi wa msafara hakujua kilokalori ni nini. Alichojua ni kwamba kibaba kikipungua, mzigo utaanguka njiani.

Baadaye, wakati wa ukoloni, posho iligawiwa kwa vibarua wa mashamba, askari, wafungwa na wanafunzi wa bweni, na zaidi ilikuwa unga wa mahindi. Ndiyo maana hapa Uganda jina la mgao likabaki kuwa jina la ugali wenyewe.

Inafaa ikumbukwe kuwa kibaba kilipima shibe peke yake. Hakikumwambia mtu kama ndani yake mna protini, vitamini au madini. Kasoro hiyo itarudi mara kwa mara katika historia hii.

NISHATI ILIVYOPATA NAMBA

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Marekani aitwaye Wilbur Atwater alijenga chumba maalumu katika mji wa Middletown, Connecticut. Mtu aliingia humo akakaa kwa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, huku joto la mwili wake na hewa aliyovuta vikipimwa. Kutokana na utafiti huo zikapatikana namba ambazo bado zinatumika duniani:

- gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4
- gramu 1 ya protini hutoa kilokalori 4
- gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9

Kilokalori ni kipimo cha nishati, yaani nguvu ambayo mwili hupata katika chakula. Karibu kila lebo ya chakula unayoiona dukani leo imejengwa juu ya namba hizi tatu.

MULAGO: WATOTO WALIOSHIBA LAKINI WAKAUGUA

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast (Ghana ya leo), alieleza ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu, nywele kubadilika rangi na ngozi kubabuka. Mwaka 1935 akautangaza kwa jina la kwashiorkor, neno la lugha ya Ga ya huko linalohusu ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa, naye akaachishwa ziwa.

Uganda ikawa mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa huo ulichunguzwa zaidi. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell na wenzake waliushughulikia kwa miaka mingi, na mwaka 1954 wakatoa kitabu kizima juu yake. Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa ugonjwa ulionekana hata katika nchi ya matoke tele. Mtoto aliyeachishwa maziwa akalishwa matoke matupu alijaa tumbo, lakini gramu 100 za ndizi hizo zina protini ya kama gramu 1 tu. Wataalamu wa leo wanasema chanzo cha kwashiorkor si upungufu wa protini peke yake, kwani maradhi na ukosefu wa virutubisho vingine pia vinachangia. Hata hivyo, funzo la msingi limebaki: kushiba si kulishwa.

Mwaka 1965 kikafunguliwa Mulago kituo cha lishe cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye siha. Huko mama hakupewa dawa akaondoka. Alifundishwa kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa chakula kikuu, maharage au karanga, samaki au nyama au maziwa, na mboga za majani, kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika shamba lake mwenyewe. Kwa maneno mengine, mama alifundishwa hesabu ya mlo kamili bila kalamu.

NAKIVALE NA NAMBA 2,100

Wakati hayo yakiendelea Kampala, huku kusini-magharibi Nakivale ilianza mwaka 1958, ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Wa kwanza walikuwa Watutsi kutoka Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wengineo, hadi wakazi wakazidi 100,000. Leo makazi hayo yako katika wilaya ya Isingiro, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu wake.

Familia hupewa kipande cha ardhi ili zilime, na wanaosubiri mavuno hutegemea mgao. Mgao huo unapimwaje? Kwa miaka mingi mashirika yalitumia wastani wa kilokalori 1,900 kwa mtu kwa siku. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walipandisha wastani huo hadi 2,100. Mfano wa mgao wa aina hiyo kwa mtu mmoja kwa siku ni huu:

- unga wa mahindi gramu 400: kilokalori 1,440
- maharage gramu 60: kilokalori 200
- mafuta ya kupikia gramu 25: kilokalori 220
- unga wa uji wa mahindi na soya gramu 50: kilokalori 190
- sukari gramu 15: kilokalori 60
- chumvi gramu 5: hakuna nishati

Jumla ni kama 2,110. Tazama sasa kazi ya kila kimoja. Mahindi yanaleta shibe. Maharage yanaleta protini na madini ya chuma. Mafuta huongezwa vitamini A, na jambo hilo huandikwa kwenye kopo lake. Unga wa mahindi na soya huongezwa vitamini na madini mbalimbali. Chumvi inaleta iodini. Mama akiuza mafuta na unga wa uji ili anunue sabuni, kinachobaki ni kilokalori 1,700. Watoto hawatalala njaa, lakini vitamini A karibu yote imeondoka na kopo lile.

Tena, 2,100 ni wastani wa watu wote, wakubwa kwa wadogo. Mwanamume anayelima tangu alfajiri anahitaji zaidi, na mtoto wa miaka miwili anahitaji kidogo zaidi ya 1,000.

FUNZO LA KARANGA

Yaliyotokea Malawi yanaonyesha hatari ya kuangalia namba moja tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilipokea wakimbizi wengi kutoka Msumbiji. Mgao wao mkuu ulikuwa mahindi, na karanga ziliongezwa. Mwaka 1989 ugavi wa karanga ukakatika. Mwaka 1990 ukazuka ugonjwa wa pelagra, unaobabua ngozi, kuharisha na hata kuchanganya akili, na wagonjwa wakazidi 17,000. Sababu ni upungufu wa niasini, moja ya vitamini B. Mahindi yana niasini ambayo mwili hauwezi kuipata kwa urahisi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo hilo.

Magunia ya mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa konzi ya karanga.

MGAO ULIPOPUNGUA

Hapa ndipo historia inapogusa nyumba zetu. Katika miaka ya 2010 familia nyingi za Nakivale zilianza kupokea pesa badala ya magunia. Jambo hilo lina heri yake, kwani mtu hununua anachokipenda na maduka hupata wateja. Lakini zamani mtaalamu ofisini ndiye aliyekwisha kupanga mafuta kiasi gani na maharage kiasi gani. Pesa zilipokuja, hesabu ile ilihamia mlangoni mwa duka.

Kisha kiasi kikapungua. Mwezi Aprili 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulishushwa hadi asilimia 70, na mwaka 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 familia zikagawanywa makundi matatu: wanyonge zaidi walipata asilimia 60, wa kati asilimia 30, na kundi la tatu halikupata kitu. Mwaka 2025, kwa uhaba wa fedha, watu wapatao milioni moja waliondolewa katika mgao nchini kote.

Asilimia 30 ya 2,100 ni kilokalori 630, sawa na gramu 175 za unga wa mahindi. Hiyo ni robo ya kibaba cha mpagazi. Lebo haiwezi kuziba upungufu huo, na asidanganywe mtu kuwa elimu ya lishe ni badala ya chakula. Lakini pesa zikiwa chache, kosa la kununua linaumiza zaidi.

LEBO INASEMA NINI

Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, iliundwa na mashirika ya FAO na WHO mwaka 1963. Mwaka 1985 ikapitisha kanuni za jumla za lebo za vyakula vilivyofungwa, pamoja na mwongozo wa kuandika virutubisho. Uganda nayo ilitunga kanuni mwaka 2011 za kulazimisha viwanda vikubwa kuongeza virutubisho katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mashine ndogo za kusaga za mitaani hazimo katika sharti hilo.

Sisi Waislamu tayari tuna mazoea ya kugeuza pakiti ili kuangalia kama kuna jelatini au mafuta ya nguruwe. Basi jicho lisiishie hapo. Unaposhika pakiti, tazama mambo haya:

1. Orodha ya viambato. Kilicho kingi kwa uzito huandikwa kwanza. Ikiwa "juisi" inaanza na maji na sukari, hayo ndiyo unayonunua.

2. Kipimo. Angalia kama namba ni za gramu 100 au za kipande kimoja. Soda yenye gramu 10 za sukari kwa mililita 100, katika chupa ya mililita 300, ina sukari gramu 30, yaani kilokalori 120 zisizo na protini wala vitamini.

3. Aina ya kipimo cha nishati. Kilokalori moja ni kilojuli 4.2 hivi. Biskuti yenye kilojuli 1,900 haina nguvu mara nne ya ile yenye kilokalori 450. Ni karibu sawa.

4. Protini. Linganisha bei. Biskuti huwa na protini chache, ilhali maharage makavu yana gramu 20 au zaidi katika kila gramu 100, wala hayahitaji lebo.

5. Mafuta na chumvi. Tafuta maneno yanayosema mafuta yameongezwa vitamini A na chumvi ina iodini. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa vyakula visivyo na lebo, kanuni ya kitobero inatosha: chakula kikuu, jamii ya kunde, kitu kidogo cha mnyama kikipatikana, na mboga. Dodo na mchicha ni rahisi kupanda kando ya nyumba. Ndimu au pera baada ya maharage husaidia mwili kupokea madini ya chuma, na chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Hivyo chai isubiri saa moja hivi, hasa kwa mama mjamzito. Mbarara ni nchi ya maziwa, na samaki wa Ziwa Nakivale wako karibu. Hata kiasi kidogo kikitengwa kwanza kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, kina faida kubwa.

MWISHO

Tumeona kuwa mpimaji wa chakula amebadilika kila zama. Alikuwa kiongozi wa msafara na kibaba chake, kisha daktari wa Mulago, kisha mtaalamu wa mashirika. Leo ni mzazi aliyeshika noti chache mbele ya rafu ya duka. Vijana mnaosoma, wasomeeni wazazi wenu zile namba ndogo nyuma ya pakiti, kwani wengi wao hawakupata bahati ya kufundishwa kuzisoma. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha unga mtupu hakimkuzi mtoto.