Pishi na Mgomo: Ujira wa Wachumaji wa Karafuu Kisiwani Pemba tangu 1897

Kisiwa cha Fundo, kilichopo magharibi ya mji wa Wete katika Pemba, ni kisiwa cha mawe ya matumbawe kisichokuwa na udongo mzito unaopendwa na mikarafuu, na kwa sababu hiyo watu wake wamejulikana zaidi kwa uvuvi na, katika miongo ya karibuni, kwa kilimo cha mwani. Hata hivyo, historia ya kazi ya malipo katika sehemu hiyo ya Pemba haielezeki bila karafuu, kwa kuwa vyombo vilivyokwenda kupakia bidhaa hiyo katika bandari ya Wete vilipita jirani na Fundo, na bei ya karafuu ndiyo iliyoamua kama mwaka utakuwa wa neema au wa dhiki hata kwa wasiomiliki mkarafuu mmoja. Makala haya yanaeleza jinsi ujira wa mchumaji ulivyopatikana, ulivyopimwa na ulivyogombaniwa, na kwa nini harakati za vyama vya wafanyakazi, zilizokuwa na nguvu mjini Unguja, hazikumfikia ipasavyo mtu aliyekuwa juu ya mkarafuu.

Pemba ilishika nafasi ya kwanza katika uzalishaji wa karafuu baada ya kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba karibu salama. Mashamba hayo yalitegemea watumwa, mpaka Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza waliokuwa wameifanya Zanzibar nchi ya himaya tangu 1890, alipotoa amri iliyowapa watumwa haki ya kudai uhuru wao mahakamani. Masuria walibaki nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Watawala walitazamia kuwa watu waliopata uhuru wangebaki mashambani kama vibarua watiifu, lakini wengi walichagua kuwa maskwota, yaani wakaazi waliolima chakula chao katika ardhi ya mwenye shamba bila ya kuimiliki, huku wakimfanyia kazi siku fulani za wiki. Kwa njia hiyo walijipatia kitu ambacho amri ya Sultani haikukitaja, nacho ni uwezo wa kukataa kazi yenye malipo duni kwa sababu chakula chao hakikutoka mfukoni mwa tajiri.

Tangu hapo kazi za shamba ziligawika sehemu mbili. Palizi, ambayo ni kazi ya mwaka mzima yenye malipo madogo, ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu waliotoka bara, wakiwemo Wanyamwezi, ilhali uchumaji ulifanywa na Wapemba wenyewe pamoja na Wahadimu na Watumbatu waliovuka kutoka upande wa Unguja wakati wa msimu. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijachanua. Likishachanua thamani yake hupotea, na kwa hivyo mwenye shamba ana siku chache tu za kuokoa mavuno yake. Katika mwaka wa mazao mengi, ambao kwa kawaida haufuatani na mwingine kama huo, wenye mashamba waligombea wachumaji na ujira ukapanda. Katika mwaka wa mazao haba wachumaji ndio waliogombea mikarafuu. Nguvu ya mfanyakazi ilifuata msimu, na haikuhitaji cheti cha msajili wa vyama.

Ujira huo ulihesabiwa kwa pishi, kipimo cha ujazo chenye vibaba vinne. Mchumaji alipanda na kikapu, akayavuta matawi kwa ngowe, na jioni mashada yakamwagwa juu ya jamvi ili familia nzima ikae kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanawake na watoto ingawa malipo yalitolewa kwa jina la aliyepanda. Baada ya hapo mpimaji alijaza pishi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa kuwa pishi ya mfuto, iliyosawazishwa mdomoni, na pishi iliyorundikwa mpaka ikamwagika zililipwa bei ile ile. Kiwango kilichotangazwa kingeweza kubaki vile vile msimu mzima huku ujira wa kweli ukipungua kila jioni, bila ya neno lolote kuandikwa. Wanawake waliookota mpeta, yaani karafuu zilizodondoka chini ya miti, walikuwa nje hata ya hesabu hiyo.

Mwaka 1927 iliundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, ambayo miongoni mwa shabaha zake za mwanzo ilikuwa kuwapatia wenye mashamba wachumaji na kuuzuia ujira usipande. Sheria za mwaka 1934 ziliipa nguvu zaidi, na ilipokabidhiwa udhibiti wa biashara ya nje mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua karafuu wakiungwa mkono na chama cha Congress cha India, mpaka suluhu ilipopatikana mwaka 1938. Wenye mashamba na wafanyabiashara walikuwa na vyombo vya kuwasemea. Mchumaji, ambaye jasho lake ndilo lililogombaniwa, hakuwa na chake katika mazungumzo hayo.

Mgomo mkubwa wa wafanyakazi ulitokea kwingine. Baada ya migomo ya mwaka 1947 katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, makuli wa Unguja, wengi wao wenye asili ya bara, waliacha kazi tarehe 20 Agosti 1948 wakidai nyongeza ya malipo, na mwanzoni mwa Septemba mgomo ukawa wa mji mzima, ukiwaingiza wafanyakazi wa idara na wa majumbani. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abbas Othman. Mgomo huo ulionyesha kwamba kuli hushinda pale mtaa wake unaposimama naye, kwa kuwa makuli wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, waliishi, walikula na walikopa katika mitaa ile ile. Mchumaji wa Pemba alitawanyika mashambani, na msimu ulipokwisha alirudi kwao.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi viliongezeka, lakini viligawanyika kwa mujibu wa siasa za uhuru: Shirikisho la Kazi la Zanzibar na Pemba, ambalo Hassan Nassor Moyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake, liliegemea chama cha Afro-Shirazi, na shirikisho jengine, la Vyama vya Wafanyakazi vya Maendeleo, liliegemea chama cha Hizbu kabla ya viongozi wake, kina Khamis Abdallah Ameir na Ahmed Badawi Qullatein, kuelekea chama cha Umma mwaka 1963. Swali la pishi lilimezwa na swali la kura. Maskwota waliofukuzwa mashambani baada ya uchaguzi wa Julai 1957, hasa Unguja, walifukuzwa kwa sababu ya vyama walivyovipigia kura.

Hali ya kuachwa nje ya sheria haikuwa ya Pemba peke yake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1935 iliyolinda haki ya kuunda vyama iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba, ambao huko California wengi wao walikuwa wenye asili ya Mexico. Septemba 1965 wachumaji wa zabibu wa Kifilipino huko Delano waligoma, wakaungwa mkono na chama cha César Chávez na Dolores Huerta, na mikataba ilipatikana mwaka 1970 baada ya kaya za mijini kukataa kununua zabibu hizo. Wachumaji hao walitambua kuwa mgomo wa msimu hauna meno mpaka jamii iliyo nje ya shamba iutie nguvu.

Huko Zanzibar, Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili umiliki, kwani ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, lakini hayakumpa mchumaji chombo chake. Vyama vya wafanyakazi viliwekwa chini ya Afro-Shirazi, wanafunzi walipelekwa makambini kuchuma, na shirika la biashara la serikali, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, likawa mnunuzi pekee kwa bei iliyokuwa chini mno ya soko la dunia, jambo lililostawisha magendo ya kuelekea Mombasa. Mwaka 2011 serikali iliazimia kumlipa mkulima takriban asilimia 80 ya bei ya dunia, na wanaoanguka kutoka juu ya mikarafuu wamekuwa wakipatiwa fidia. Hata hivyo, bei iliyotangazwa ni ya mwenye mkarafuu. Ujira wa mchumaji bado ni mapatano ya watu wawili chini ya mti.

Mwani, ulioanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na unaolimwa zaidi na wanawake, umeleta swali lile lile katika pwani za visiwa kama Fundo, kwa kuwa mkulima aliyekopeshwa kamba na kampuni ya ununuzi huiuzia kampuni hiyo hiyo kwa bei iliyopangwa nayo. Sheria za kazi za Zanzibar za mwaka 2005 zinatambua vyama na majadiliano ya pamoja, lakini zimejengwa juu ya mwajiriwa mwenye mwajiri mmoja anayejulikana. Tangu 1897 ujira wa Pemba umeamuliwa na mwenye kushika kipimo, na kwa hivyo vyama vya wafanyakazi, masheha na vikundi vya wakulima wa mwani vina wajibu wa kudai kwanza jambo moja: mchumaji na mkulima wawe na mwakilishi wao penye mizani kabla msimu haujaanza.