Mkono wa Kushoto

Mstari wa mwisho wa shairi la mwenzetu niliukata mimi. Sikutumia mkasi. Niliukata kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Ilikuwa kwenye steshenari moja hapa Muheza mjini. Tulikuwa tumechangishana hela ya nakala 200 za kijarida chetu, na dada mmoja alikuwa ametoa shairi lake la kwanza kabisa. Safu ya shairi lile ilikaa karibu mno na mkunjo. Nikataka kuisogeza pembeni tu, isipande wala isishuke. Nikabana Shifti, nikaikokota kwa mausi, ikaenda imenyooka kama reli. Halafu, pupa! Nikaachia Shifti kabla ya mausi. Safu ikashuka kidogo, nami sikuona. Mashine ya kukatia karatasi ikaondoka na ule mstari.

Toka siku ile nikawa najiuliza: hiki kitufe kilitoka wapi?

Tuanzie nyumbani. Magila, karibu tu na mji wetu, ndiko misheni ya UMCA ilikotoa gazeti la Habari za Mwezi miaka ya 1890. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga nayo ikatoa Kiongozi. Enzi za uchapaji ule, herufi za risasi zilipangwa moja moja kwa mkono, zikabanwa ndani ya fremu ya chuma. Mstari ungependaje kwenda upande? Chuma chenyewe kiliukatalia.

Shifti nayo ina umri. Ilikuwemo kwenye taipu ya Remington No. 2, Marekani, mwaka 1878. Jina lake maana yake ni kuhamisha, kwa kuwa ilihamisha kweli: ukiibonyeza, kigari chenye karatasi kinasogea, na nyundo ile ile inagonga herufi kubwa badala ya ndogo. Yaani peke yake haiandiki kitu. Inabadili kazi ya mwenzake.

Mwaka 1963, pale MIT, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad. Mkono mmoja ulishika kalamu ya mwanga kwenye skrini, mwingine ukabonyeza vitufe vya amri. Na mistari aliweza kuiamuru ikae wima au ilale. Mwaka 1985 PageMaker ya Aldus ikaleta kazi ya kupanga kurasa kwenye Macintosh. Leo ukiwa na InDesign, unapokokota kitu, Shifti inakinyoosha na Alti inaacha nakala. Kwenye CorelDRAW, anayenyoosha ni Kontroli. Majina yanatofautiana lakini sharti ni moja: achia mausi kwanza, kitufe baadaye. Ile fremu ya chuma sasa ni kidole chako. Ukikiondoa mapema, fremu haipo tena.

Nilipomwendea yule dada na kijarida mkononi, nilitegemea matusi. Alisoma, akanyamaza, kisha akaomba kalamu. Akaanza kuuandika mstari wake kwa mkono, nakala baada ya nakala. Alipofika ya tisini mkono ukamchoka, nikampokea.

Basi wewe unayepeleka kazi yako ikapangwe, usiondoke ukishaona imekaa vizuri kwenye skrini. Isome tena mpaka mstari wa mwisho, kila kinaposogezwa kitu, kabla haijapigwa chapa. Mimi nilijifunza kwa mstari usio wangu.